Bobby Moore: beki mzito aliyefika kabla ya mpira

Mjadala wa mabeki hapa chuoni una mipaka yake. Uwe umeanzia chumbani hosteli au kwenye kibanda umiza kule Mbagala, watu watamtaja Van Dijk, watapanda hadi Rio Ferdinand na John Terry, mwenye kumbukumbu ndefu atamtaja Maldini, basi. Nyuma ya hapo ni giza. Mimi nacheza beki wa kati mchangani Temeke na mbio sina, kwa hiyo nina maslahi binafsi katika habari za jamaa mmoja aliyefariki mwaka 1993, kabla wengi wetu hatujazaliwa. Anaitwa Bobby Moore. Kwangu ndiye beki bora kuwahi kutoka England, na nitasema kwa nini, ingawa nusu ya habari zake hazihusu mpira.

Alizaliwa tarehe 12 Aprili 1941 huko Barking, vita ikiwa imepamba moto. Barking tuiite Temeke ya London: iko upande wa mashariki, viwanda vingi, bandari haiko mbali, watu wake ni wa kujitafutia. Akiwa kijana akaingia West Ham, na hapo matatizo yake yakaonekana mapema. Hakuwa na kasi. Mipira ya juu haikuwa fani yake. Kwa macho ya haraka, huyu ni mtoto wa kuambiwa arudi nyumbani akatafute ufundi mwingine.

Aliyemwona kwa jicho tofauti ni beki mkongwe wa timu hiyo, Malcolm Allison. Somo alilompa ni jepesi kulisema na gumu kulifanya: kabla mpira haujakufikia, uwe umeshajua utampa nani. Kijana akalishika kama dua. Baadaye Allison akaugua kifua kikuu, akapoteza pafu moja, akawa anapambana kurudi uwanjani. Tarehe 8 Septemba 1958 West Ham wanacheza na Manchester United na nafasi iliyopo ni moja. Allison alikuwa anaisubiri. Kocha akampa Moore, mwenye miaka 17. West Ham wakashinda 3-2, na Allison hakucheza tena mechi ya ligi akiwa na klabu ile. Mwalimu yuko hai, anatazama, mwanafunzi wake ndiye amevaa jezi yake. Moore aliubeba uchungu huo maisha yake yote.

Jezi yenyewe ilikuwa namba 6. Msichanganyikiwe: kwetu namba 6 ni kiungo mkabaji, lakini Moore alicheza pale tunapowapanga namba 4 na 5.

Mechi yake ya kwanza ya timu ya taifa ilikuwa Lima dhidi ya Peru, tarehe 20 Mei 1962, wakati Tanganyika ina miezi mitano tu ya uhuru. Mwaka mmoja baadaye akawa nahodha, ana miaka 22. Mwaka 1964 West Ham wakachukua Kombe la FA, naye akateuliwa mwanasoka bora wa mwaka nchini mwao. Mambo yakawa yanakwenda.

Hapa naomba tusimame kidogo. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1964, akiwa na miaka 23 na ndoa changa, Moore aligundulika ana saratani ya korodani. Akafanyiwa upasuaji, korodani moja ikaondolewa. Magazeti yakaelezwa kwamba ameumia nyonga. Enzi zile neno lenyewe saratani lilinong'onwa hata ndani ya familia, sembuse ya sehemu ile. Akakaa nje miezi kadhaa, akarudi, akacheza, na wengi wa aliokuwa anavua nao nguo chumba kimoja hawakuambiwa kitu. Mei 1965 alikuwa Wembley akiiongoza West Ham kuifunga 1860 Munich 2-0 na kubeba Kombe la Washindi barani Ulaya. Umma ulikuja kujua ugonjwa ule baada ya kifo chake.

Nalisema hili kwenye jarida la wanafunzi kwa makusudi. Huu ni ugonjwa wa umri wetu, unaowapata zaidi vijana wa kiume kuliko wazee. Mara nyingi huanza na kivimbe kisichouma, na ukiwahiwa unatibika vizuri sana. Sisi hosteli tunaongea kila kitu usiku kucha, mikeka, mademu, siasa, lakini hilo halina mtu wa kulianzisha. Ukigusa ukakuta kitu, nenda zahanati kesho asubuhi. Usisubiri mitihani iishe.

Tuendelee. Fainali ya Kombe la Dunia, 30 Julai 1966. Ujerumani Magharibi wanatangulia. Moore anafanyiwa faulo, anainuka, na wakati wengine bado wanamtazama mwamuzi yeye ameshaanzisha mpira kwa Geoff Hurst: kichwa, goli, 1-1. Dakika za mwisho za muda wa nyongeza England wanaongoza 3-2, mpira unamfikia ndani ya boksi lake. Wenzake wanataka abutue hadi jukwaani, na hata mimi ningebutua. Akatuliza, akainua kichwa, akatoa pasi ndefu kwa Hurst, ikawa 4-2. Alipopanda ngazi kupokea kombe aliona Malkia amevaa glavu nyeupe na yeye mikono ina tope, akasimama kuifuta kwanza.

Miaka minne baadaye, wakielekea Mexico kutetea kombe, timu ilipita Bogotá. Akatuhumiwa kuiba bangili ya dhahabu kwenye duka la vito hotelini. Nahodha wa mabingwa wa dunia akashikiliwa siku nne wakati wenzake wametangulia. Alipoachiwa, hakuna aliyemwona akifoka wala kulia mbele ya kamera. Tuhuma zile hazikuwahi kuthibitishwa. Siku chache tu baadaye, tarehe 7 Juni 1970, alicheza na Brazil huko Guadalajara mechi ambayo nawasihi muitafute mtandaoni. Jairzinho anakuja na mpira kwa kasi ya bodaboda. Moore anarudi nyuma, anarudi, hadi ndani ya boksi, kisha mguu mmoja unatoka na mpira umekuwa wake. Hakuna faulo, hakuna kuvuta jezi (sisi wa mchangani tungemshika bukta). Halafu anaondoka nao taratibu, kama anatoka dukani. Jairzinho huyohuyo ndiye aliyekuja kufunga na Brazil wakashinda 1-0. Filimbi ilipolia Pelé alimfuata Moore wakabadilishana jezi.

Juni 1973, kule Chorzów, Poland, mshambuliaji Lubański alimpokonya mpira ule ambao siku zote aliutuliza, akafunga. England hawakufuzu Kombe la Dunia la 1974. Mechi yake ya mwisho ya taifa ilikuwa Novemba mwaka huo dhidi ya Italia: 108 kwa jumla, 90 akiwa nahodha. Akahamia Fulham ya daraja la pili, akaifikisha fainali ya FA ya 1975 na kufungwa 2-0 na West Ham, timu yake mwenyewe. Marekani kidogo, Denmark kidogo, kisha akatundika daluga.

Na hapa ndipo mimi huwa nakasirika. Kwetu Leodegar Tenga, beki wa kati aliyekuwa nahodha wa Taifa Stars kwenye Mataifa ya Afrika kule Lagos 1980, alikuja kuwa rais wa TFF kuanzia 2004 hadi 2013. Mlaumu au msifu, alikabidhiwa kazi. Nchi iliyobuni mpira huu haikumkabidhi Moore chochote cha maana. Alifundisha Oxford City, timu ya chini kabisa, na Southend United ikiwa hoi. Biashara zake kadhaa zilianguka. Aliandika kwenye gazeti la udaku. Hakuwa mtu wa kugonga milango na kupiga kelele, na wakubwa wa mpira walilipokea jambo hilo kwa raha zao. Bobby Charlton na Hurst walikuja kuitwa Sir. Yeye alikufa akiwa bwana wa kawaida. Sanamu yake nje ya Wembley ilizinduliwa Mei 2007, miaka 14 baada ya mazishi.

Saratani ilirudi kwa sura nyingine, ya utumbo mpana, na safari hii alitangaza mwenyewe, Februari 1993. Tarehe 17 mwezi huo, Jumatano, alikwenda Wembley kama kawaida kuchambua mpira redioni, England na San Marino. England walishinda 6-0. Alifariki Jumatano iliyofuata, ana miaka 51.