Rwagasore na Rangi za Picha Yake

Mwanamfalme Louis Rwagasore, mwana wa Mwami Mwambutsa IV, alizaliwa Gitega mwaka 1932. Chini ya uongozi wake chama cha UPRONA kilishinda viti 58 kati ya 64 mnamo Septemba 1961, naye akawa Waziri Mkuu. Tarehe 13 Oktoba 1961 aliuawa kwa risasi mjini Usumbura, Bujumbura ya leo. Uhuru wa Julai 1962 hakuuona.

Picha zake nyeusi na nyeupe leo hutiwa rangi kwa kompyuta na kufanywa mabango: sura moja kubwa, maneno machache. Lakini rangi ya nguo yake kompyuta hukisia tu. Nyinyi walinzi mwajua thamani ya ushahidi. Basi tuihifadhi picha ya asili, na iliyotiwa rangi tuitaje hivyo.