James Legge: Profesa aliyekubali kusahihishwa

Kuna swali ambalo walimu wa lugha nchini huulizwa kila uchao, nami nimeulizwa mara zisizohesabika: je, masomo hayo yana faida gani ilhali wanafunzi wake ni wachache na ajira zake ni adimu? Badala ya kulijibu swali hilo kwa nadharia, leo ningependa kulijibu kwa maisha ya mtu mmoja. Huyo ni marehemu James Legge, profesa wa kwanza wa lugha ya Kichina katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza.

Legge alizaliwa mnamo Desemba 20, 1815, katika mji mdogo wa Huntly, kaskazini mashariki mwa Uskoti. Alisomea King's College mjini Aberdeen, ambako alisifika kwa umahiri wake wa Kilatini, akahitimu mwaka wa 1835. Baadaye alijiunga na Shirika la Wamisionari la London kwa nia ya kwenda Uchina. Kabla ya kuabiri meli, alijifunza misingi ya Kichina kwa Samuel Kidd, aliyekuwa ameteuliwa mwaka wa 1837 kufundisha lugha hiyo mjini London kwa muda wa miaka 5 tu. Huo ndio uzito Kichina kilichopewa na Waingereza wakati huo, ilhali Wafaransa walikuwa na profesa wa Kichina mjini Paris tangu mwaka wa 1814.

Mwaka wa 1840 Legge aliwasili Malacca, akakabidhiwa chuo cha wamisionari kilichokuwa huko. Mwaka wa 1843 alihamia Hong Kong, kisiwa ambacho Waingereza walikuwa wamekitwaa katika vita vya afyuni vya 1839 hadi 1842. Msomaji wa Kiafrika anayeijua historia yake hatakosa kutambua hali hiyo: mzinga umetangulia, Biblia imefuata. Sina haja ya kuificha. Legge aliupinga uuzaji wa afyuni, lakini fedha zilizochapisha vitabu vyake vya kwanza zilitoka kwa Joseph Jardine, wa kampuni ya Jardine Matheson, iliyotajirika kwa biashara hiyo hiyo. Mtu huishi katika zama zake, na zama hizo humpaka rangi zake.

Alichotofautiana nacho na wengi wa wenzake ni mtazamo wake kuhusu elimu ya wenyeji. Aliona kwamba kila Mchina msomi alikuwa amekariri tangu utotoni vitabu vya Confucius na vya waliomfuata, maana ndivyo vilivyotahiniwa katika mitihani ya kuingia katika utumishi wa serikali. Mgeni asiyevijua vitabu hivyo angewezaje kujidai kuwafundisha watu hao? Basi Legge akaazimia kuvitafsiri kwa Kiingereza.

Alikuwa akiamka yapata saa tisa za usiku ili apate muda wa kusoma kabla ya shughuli za kanisa na shule. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka wa 1861, na kufikia mwaka wa 1872 juzuu zilikuwa 5, zilizofungwa katika vitabu 8 vinene. Katika kila ukurasa aliweka maandishi ya Kichina juu, tafsiri yake katikati, na maelezo chini. Maelezo hayo mara nyingi yalikuwa marefu kuliko matini yenyewe, kwa kuwa ndani yake alipima hoja za wafafanuzi wa Kichina wa karne nyingi, akiwemo Zhu Xi wa karne ya 12. Hakutaka msomaji aichukue rai yake bila ya kuwasikia Wachina wenyewe wakijadiliana.

Wala hakuifanya kazi hiyo peke yake. Mwaka wa 1862 aliwasili Hong Kong msomi mmoja mkimbizi, Wang Tao, aliyekuwa akitafutwa na serikali yake kwa kushukiwa kuwaunga mkono waasi wa Taiping. Legge alimpa kazi, na Wang Tao akamkusanyia na kumwandalia ufafanuzi wa vitabu vigumu zaidi. Legge aliporudi Uskoti mwaka wa 1867, alimwalika Wang Tao amfuate huko, wakaendelea na kazi hadi mwaka wa 1870. Katika dibaji zake alimtaja kwa jina na kumshukuru. Jambo hili si dogo. Katika miaka hiyo hiyo Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka wa 1844, alikuwa akiandaa kamusi yake ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka wa 1882. Kamusi hiyo imejaa maarifa ya watu wa pwani yetu, nayo dunia huijua kwa jina la Krapf. Ama Wang Tao, yeye alirudi Hong Kong, na mwaka wa 1874 akaanzisha mojawapo ya magazeti ya kwanza ya kila siku kumilikiwa na Wachina wenyewe.

Sasa nifikie kiini cha makala haya. Katika juzuu ya kwanza ya mwaka wa 1861, Legge alimhukumu Confucius kwa ukali. Alikiri kwamba mafunzo yake yalikuwa na nguvu kubwa juu ya Wachina, lakini akakataa kumhesabu miongoni mwa watu wakuu wa dunia. Ilikuwa hukumu ya mmisionari aliyekwisha kuishi miongoni mwa Wachina kwa miaka 20 na ushei. Wengi wetu tungesema kwamba miaka hiyo yatosha kumjua mtu na watu wake.

Legge hakuridhika. Mwaka wa 1873, kabla ya kuondoka Uchina kabisa, alisafiri kaskazini, akapanda mlima mtakatifu wa Taishan na kulizuru kaburi la Confucius mjini Qufu. Mjini Beijing, alipofika kwenye Madhabahu ya Mbingu, alivua viatu vyake kwa heshima. Baadhi ya wamisionari wenzake walikasirishwa sana. Mwaka wa 1877 makala yake kuhusu mafunzo ya Confucius na Ukristo yalisomwa katika mkutano wa wamisionari mjini Shanghai, lakini yakaachwa nje ya kumbukumbu zilizochapishwa.

Wakati huo alikuwa tayari yuko Oxford. Kiti cha uprofesa wa Kichina kilikuwa kimeanzishwa huko mwaka wa 1876, kwa michango ya wafanyabiashara na watu wengine waliokuwa na uhusiano na Uchina. Legge hakuwa mfuasi wa Kanisa la Uingereza, na laiti si sheria ya 1871 iliyoondoa vikwazo vya kidini katika vyuo vikuu, huenda asingekipata. Mihadhara yake ilihudhuriwa na watu wachache mno. Lau kazi yake ingepimwa kwa idadi ya wanafunzi, idara hiyo ingefungwa kabla ya kutimiza miaka 5.

Hata hivyo, katika miaka hiyo 21 Legge alifanya mengi. Katika mfululizo wa vitabu vitakatifu vya Mashariki uliohaririwa na Max Müller, wenye juzuu 50, yeye alitoa juzuu 6, mkiwemo Kitabu cha Mabadiliko mwaka wa 1882 na vitabu vya wafuasi wa Dao mwaka wa 1891. Kisha akarudi kwenye juzuu yake ya kwanza. Toleo lililosahihishwa lilitoka mwaka wa 1893, yeye akiwa na umri wa miaka 77. Humo aliifuta ile hukumu ya 1861, akaandika kwamba kadiri alivyozidi kumsoma Confucius ndivyo alivyozidi kumstahi, na kwamba alikuwa mtu mkuu mno. Hakuacha imani yake ya Kikristo. Aliacha jeuri ya kumhukumu mtu kabla ya kumsikiza hadi mwisho. Alifariki Novemba 29, 1897, akiwa bado profesa.

Hilo ndilo jibu langu kwa wale wanaouliza faida. Miaka 32 ilipita baina ya hukumu ya kwanza na ya pili, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilitumiwa katika chumba cha profesa ambaye takriban hakuwa na wanafunzi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama huko kwahitaji muda, maktaba na mshahara.

Wanafunzi wetu leo wanajifunza Kichina. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa cha kwanza barani Afrika kuwa na Taasisi ya Confucius, mwaka wa 2005. Nafurahi, lakini naona kwamba wengi huitafuta lugha hiyo kwa ajili ya kazi na biashara tu. Si vibaya, ila haitoshi. Wachina walianza kufundisha Kiswahili mjini Beijing katika miaka ya 1960, na Wajapani wanakifundisha katika Chuo Kikuu cha Osaka. Huko wamo watu waliotumia umri wao kuyasoma maandishi yetu. Je, nani kwetu atautumia umri wake kuvisoma vitabu vya Wachina, vya Wajapani na vya Wakorea kwa lugha zake, na kutufafanulia kwa Kiswahili? Mataifa hayo yanajenga barabara zetu na kutukopesha fedha, nasi twayasifu au kuyalaumu kwa kufuata tuliyosikia kwa wengine. Vyuo vikuu vyetu na viajiri walimu wa namna hiyo, hata kama darasani watakuwamo wanafunzi watatu.