Abu Bakr al-Razi: Tabibu aliyechunguza mafua yaletwayo na harufu ya waridi

Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.), Aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora na Akamfundisha yale asiyoyajua. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, pumu ni miongoni mwa maradhi yanayozikosesha usingizi familia nyingi. Mtoto hulala salama, na inapofika usiku wa manane kifua kikabana, pumzi zikapiga mluzi, na mama akakesha akimpepea. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na 455,000 walifariki kwa sababu yake. Miongoni mwa watoto, hayo ndiyo maradhi ya muda mrefu yaliyo mengi kuliko yote.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba hakuna ugonjwa ulioteremshwa na Allah ila umeteremshiwa na dawa yake, akatuhimiza tujitibu. Wahenga wetu Waislamu waliyachukua mafundisho hayo kuwa ni amri ya kutafuta. Leo, mpenzi msomaji, tutazame maisha ya mmoja wao, tabibu aliyeandika juu ya mzio, yaani aleji, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Asili yake

Jina lake ni Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi. Alizaliwa mwaka 251 Hijria, sawa na 865 Miladia, katika mji wa Rayy, ambao magofu yake yako kando ya jiji la Tehran nchini Iran. Kila aliyetoka Rayy huitwa al-Razi, na kwa sababu hiyo msomaji asimchanganye na Imamu Fakhruddin al-Razi, mfasiri mashuhuri wa Qur'ani, aliyefariki mwaka 606 Hijria. Hao ni watu wawili, na kati yao imepita karibu karne tatu.

Wanahistoria wamepokea kwamba katika ujana wake alipenda muziki, na wengine wamesema alifanya kazi ya kubadilisha fedha. Kisha akazama katika elimu ya kimiya, akichanganya na kuchemsha madini na kuandika kwa uangalifu vyombo alivyotumia na hatua alizofuata. Udaktari aliuingia akiwa mtu mzima. Hili ni funzo kwa anayedhani kwamba umri umempita wa kutafuta elimu.

Katika hospitali

Elimu yake ilipokomaa alikabidhiwa uongozi wa hospitali ya mji wake wa Rayy, na baadaye akawa mkuu wa hospitali katika jiji la Baghdad, makao makuu ya ukhalifa wa Bani Abbas, zama za Khalifa al-Muktafi, aliyetawala kuanzia mwaka 289 hadi 295 Hijria.

Kuna kisa maarufu kwamba alipotakiwa kuchagua mahali pa kujenga hospitali ya Baghdad, alitundika vipande vya nyama katika sehemu mbalimbali za jiji, kisha akachagua pale nyama ilipochelewa kuoza. Ni kisa kizuri, lakini hospitali inayotajwa mara nyingi katika kisa hicho, ile ya Adud al-Dawla, ilijengwa zaidi ya miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo tukisimulie kama kisa tu, tusikifanye hoja.

Kilicho na uzito zaidi ni habari za darasa lake, alizozihifadhi Ibn al-Nadim katika kitabu chake cha al-Fihrist. Al-Razi alikaa kitako, wanafunzi wake wakubwa wakamzunguka, na nyuma yao wakakaa wanafunzi wao, na nyuma yao wengine. Mgonjwa alipokuja alieleza shida yake kwa wale wa nje kwanza. Wasipokuwa na jibu, aliletwa kwa waliofuata, na wote waliposhindwa ndipo al-Razi mwenyewe aliposema. Ibn al-Nadim anaeleza pia kwamba alikuwa mkarimu, mwenye huruma kwa mafukara na wagonjwa, akiwauguza na kuwakirimu kutoka mfuko wake. Wala hakuonekana ila akiandika au akinakili.

Namna yake ya kutafuta

Matabibu wa zama hizo walimtegemea sana Jalinus Mgiriki. Al-Razi alimheshimu kama mwanafunzi anavyomheshimu mwalimu, lakini aliandika kitabu kizima cha kuonesha pale alipomtilia shaka, kwa kuwa aliyoyaona kwa wagonjwa wake hayakulingana na yale aliyoyasoma.

Katika maandiko yake kuna habari ya maradhi ya kichwa yaliyoitwa sirsam, yanayofanana na homa ya uti wa mgongo. Kundi moja la wagonjwa alilitoa damu, na kundi jingine akaliacha kwa makusudi, ili ajue kama tiba ile inafaa. Hivi leo tunajua kwamba kutoa damu si tiba ya maradhi hayo. Hata hivyo, njia ya kulinganisha waliotibiwa na wasiotibiwa ndiyo msingi wa utafiti wa dawa hadi leo. Dawa za pumu anazopewa mtoto wako hospitalini zilipimwa kwa kulinganisha makundi namna hiyo.

Kwa njia hiyohiyo ya kuangalia kwa makini aliandika risala yake juu ya ndui na surua, akifafanua dalili za kuyatofautisha maradhi hayo mawili. Risala hiyo ilifasiriwa Kilatini na lugha nyingine za Ulaya.

Waridi na mwanazuoni wa Balkh

Tufike sasa kwenye jambo lililotufanya tumchague. Katika zama zake aliishi mwanazuoni mkubwa, Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria. Huyu alikuwa bingwa wa jiografia, na aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi. Ila kila majira ya kuchanua maua yalipofika, akinusa waridi alishikwa na mafua.

Wengine huenda wangelicheka. Waridi ni ua lipendwalo, harufu yake husifiwa na maji yake hurashiwa wageni, basi lamdhuruje mtu? Al-Razi hakucheka. Aliandika risala maalumu ya kueleza sababu ya mafua hayo, na watafiti wa historia ya tiba wanaihesabu kuwa miongoni mwa maandiko ya mwanzo kabisa duniani yanayoeleza mafua ya mzio. Aliyaona mambo mawili yaliyo sahihi: kwamba maradhi hayo yana majira yake, na kwamba kitu kisichowadhuru watu wengine chaweza kumdhuru mtu mmoja. Katika ushauri wake alisisitiza kujiepusha na kinachoyachochea.

Sababu aliyoitoa ilikuwa ya elimu ya zama zake, iliyohusu mchanganyiko wa maji ya mwili na joto la kichwa. Hiyo haikusimama. Ilipita takriban miaka 900 hadi tabibu Mwingereza John Bostock alipoeleza mwaka 1819 mafua ya majira yaliyomsumbua yeye mwenyewe. Mwaka 1906 Clemens von Pirquet wa Austria alibuni neno lililotupa aleji, na katika miaka ya 1960 watafiti waligundua chembe ya kinga iitwayo IgE. Mwili wa mwenye mzio huidhania chavua ya maua au vumbi kuwa ni adui, ukatoa chembe hizo, na pua, macho au mapafu yakavimba. Huenda al-Balkhi aliudhiwa na chavua ya waridi, au ya mimea mingine iliyochanua wakati huohuo, au na ukali wa harufu yenyewe.

Mwisho wa maisha yake

Al-Razi alirejea Rayy, na katika miaka yake ya mwisho alipofuka. Imesimuliwa kwamba aliletewa tabibu wa kumpasua macho, naye akamuuliza jicho lina tabaka ngapi. Tabibu hakujua. Al-Razi akakataa kuguswa na mtu asiyejua alichokishika. Alifariki mwaka 313 Hijria, sawa na 925 Miladia.

Al-Biruni, aliyekuja baada yake, aliorodhesha maandiko yake yapatayo 184. Baada ya kifo chake kumbukumbu zake za tiba zilikusanywa zikawa kitabu kikubwa cha al-Hawi, kilichofasiriwa Kilatini mwaka 1279 na kuchapishwa Brescia, Italia, mwaka 1486. Ameandika pia kitabu kwa ajili ya mtu asiyeweza kumfikia tabibu, kikiwafunza watu wa kawaida kujitibu kwa vitu vilivyo karibu nao.

Ni haki kusema kwamba wapo wanazuoni waliomlaumu vikali kwa maneno yanayonasibishwa kwake juu ya utume. Mengi ya maneno hayo yametufikia kupitia vitabu vya waliokuwa wakijadiliana naye. Hatumfanyi imamu wa akida. Twachukua kwake elimu ya tiba, na hesabu yake iko kwa Mola wake.

Mazingatio kwa familia zetu

Ndugu Waislamu, kisa cha waridi kinatuhusu majumbani mwetu. Sisi ni watu wa udi, ubani na manukato, na kujitia harufu nzuri siku ya Ijumaa ni sunna. Lakini moshi wa chetezo, kama ulivyo moshi wa kuni, mkaa na sigara, huweza kuamsha pumu. Ikiwa katika nyumba yumo mtoto ambaye kila ukifukizwa udi hukohoa na kubanwa kifua, basi kumfukizia si kumkirimu. Mtume (s.a.w.) alimtaka aliyekula kitunguu au kitunguu saumu kibichi asiukaribie msikiti, ili asiwaudhi watu kwa harufu. Basi itakuwaje kwa moshi unaomziba mtoto pumzi? Sheria yetu imekataza kudhuru na kudhuriana. Nguo zaweza kufukizwa nje, na manukato kidogo yasiyo makali yatosha.

Jambo la pili ni dawa. Wako wazazi wanaoficha kifaa cha mtoto cha kuvutia dawa, kwa kuchelea kwamba atakizoea asiweze kukiacha, au kwa kuona aibu mbele ya watu, hasa ikiwa ni binti anayekaribia kuolewa. Khofu hiyo haina msingi. Dawa ya kuvuta ya kuzuia uvimbe haileti uraibu, nayo ndiyo ikingayo mapafu. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu umewaonya watu wazima na vijana wasitegemee dawa ya kutuliza peke yake, kwani hufungua njia ya pumzi kwa muda huku uvimbe ukibaki. Kisomo na dua ni silaha ya muumini, wala haviondoi wajibu wa kwenda hospitali. Na mtoto akishindwa kuzungumza kwa kukosa pumzi, au midomo ikibadilika rangi, asingojewe mpaka asubuhi.

La tatu ni funga. Wanazuoni wa zama hizi wamekhitalifiana juu ya kuvuta dawa ya pumu mchana wa Ramadhani. Wengi wamesema haifunguzi, kwa kuwa si chakula wala kinywaji, na wengine wamesema inafunguza. Mwenye pumu amuulize sheikh wake, na amuulize daktari wake kabla mwezi haujaandama, kwani dawa ya kuzuia aghalabu yaweza kupangwa wakati wa daku na wa futari. Lakini akibanwa, asiisubiri magharibi. Qur'ani imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na hakuna khilafu kwamba kuiokoa nafsi ni wajibu.

Al-Razi alimsikiliza mtu aliyesema kwamba ua zuri linamuumiza, akamsadiki, akaketi kutafuta sababu. Nasi tuwasadiki watoto wetu wanaposema kwamba kifua kimebana.

Tunamuomba Allah (s.w.) Awaponye wagonjwa wetu, Awape subira wanaowauguza, na Atupe elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.