Tippu Tip: bunduki kuukuu zilimpa jina, ukosefu wa baruti ukamponza

Ukitoka Kisangani, ukavuka daraja la Tshopo na kufuata barabara ya kitaifa namba 4 kuelekea Banalia na Buta, baada ya kilometa 50 hivi unafika Bengamisa. Katika misitu ya upande huu wa Tshopo, bunduki ya mwindaji mara nyingi imepita mikononi mwa fundi wa kijiji. Mtutu umetoka kwenye chuma kingine, kitako kimechongwa upya kwa mti wa hapa hapa, na mtambo umenyooshwa kwa tupa na nyundo. Bunduki ya namna hiyo mtu anaweza kuipata. Kinachomsumbua ni kitu cha kutia ndani yake, na kitu hicho hutoka mbali, kwa bei inayopangwa na mwingine.

Hesabu hiyo si mpya katika nchi hii. Zaidi ya miaka 130 iliyopita, mtu mmoja alijenga utawala mzima juu yake, kutoka Maniema hadi Maporomoko ya Wagenia, kisha akauona ukianguka. Jina lake lilikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi. Sisi tunamjua kwa jina la Tippu Tip.

Mtoto wa wafanyabiashara

Hamed alizaliwa Zanzibar, karibu na mwaka 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara aliyeishi zaidi Tabora, katika nchi ya Wanyamwezi, na mama yake alitoka katika ukoo wa Waarabu wa Maskati. Kijana alianza biashara akiwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, akiuza sandarusi, ile gundi ya mti iliyotafutwa na watengeneza vanishi wa Ulaya na Marekani. Alipofikisha miaka kumi na minane akaingia bara pamoja na baba yake, mpaka Tabora na Ujiji.

Hakuwa na mali ya kutosha ya kuandaa msafara. Alifanya kama wenzake: akakopa. Baadaye mkopeshaji wake mkubwa alikuwa Taria Topan, tajiri Mhindi wa Zanzibar. Kutoka kwa watu kama huyo zilitoka nguo, shanga, bunduki na baruti, na deni lililipwa kwa pembe za ndovu. Kwa hiyo kila bunduki iliyoingia bara ilikuwa na mwenyewe pwani aliyekuwa akingoja malipo.

Mabaki ya majeshi ya Ulaya

Bunduki hizo zilitoka wapi? Nyingi zilikuwa silaha za askari wa Ulaya zilizokwisha kustaafu. Katikati ya karne ya 19 majeshi yalibadilisha silaha haraka sana. Mwaka 1866 Waprusia waliwashinda Waaustria wakiwa na bunduki zinazojazwa kwa nyuma, na mataifa mengine yakaona kwamba zile za kujazwa kwa mdomo zimepitwa na wakati. Wafaransa wakachukua Chassepot mwaka 1866, kisha Gras mwaka 1874, na Lebel mwaka 1886. Waingereza wakachukua Martini-Henry mwaka 1871. Kila badiliko liliacha maghala yamejaa bunduki ambazo hakuna jeshi lililozitaka tena.

Zikauzwa kwa bei ya chini. Mafundi wa Liège, nchini Ubelgiji, walizinunua, wakazikata mitutu, wakabadilisha mitambo ya gumegume ikawa ya fataki, wakazipakia melini kwa soko la Afrika. Za Uingereza zilijulikana kwa neno la Tower lililopigwa muhuri kwenye mtambo, kwa sababu ya ghala la silaha la mnara wa London.

Haikuwa silaha nzuri. Mpigaji alimimina baruti kwa mdomo wa mtutu, akatia risasi au kipande cha chuma, akashindilia kwa mdeki, akaweka fataki, ndipo alenge. Kupita hatua mia, hakuweza kuwa na hakika ya kitu. Mvua ikinyesha, baruti ililowa; na msitu wetu unajua kunyesha. Kutu ilikula mtutu. Ndiyo maana msafara mkubwa ulihitaji watu wanaojua kusafisha mitambo, kubadilisha springi na kuchonga vitako vipya njiani. Lakini mbele ya mkuki na mshale, moshi na mlio wa bunduki mia moja kwa pamoja vilitosha kuvunja kijiji.

Jina kutoka Itabwa

Mwaka 1867 Hamed alifika kwa Nsama, chifu wa Itabwa, kati ya ziwa Tanganyika na ziwa Mweru. Nsama aliogopwa, aliwahi kuwashinda wafanyabiashara wa pwani miaka ya nyuma. Mkutano uligeuka vita ndani ya boma, na Hamed mwenyewe akapigwa mishale. Watu wake wakajibu kwa bunduki, boma likaanguka, na akiba kubwa ya pembe ikaangukia mikononi mwao. Mmisionari na msafiri David Livingstone, aliyekutana naye mwaka huo huo, alikuta habari za vita hivyo zimeenea nchi nzima.

Kufuatana na maelezo yake mwenyewe, jina Tippu Tip lilitokana na mlio wa bunduki zake, jinsi watu waliokimbia walivyousikia. Wengine walisema ni kwa sababu ya kupepesa macho. Yeye alipenda maelezo ya kwanza.

Kutoka Kasongo hadi Maporomoko

Karibu na mwaka 1870 alianza safari iliyomleta Kongo. Huko Utetera alidai ujamaa na chifu Kasongo Rushie kupitia bibi aliyechukuliwa mateka zamani, naye akapewa uchifu. Baadaye akakaa Kasongo, katika Maniema. Mwaka 1874 alikutana na Mwingereza Cameron, na mwaka 1876 na Stanley, ambaye alimsindikiza kuelekea kaskazini kando ya mto kwa mapatano ya malipo.

Hapo lazima tuseme wazi kazi ya bunduki hizo ilikuwa nini. Ndovu waliwindwa, ndiyo. Lakini vijiji pia viliwindwa. Watu walikamatwa, wakafungwa, wakabebeshwa pembe, na wengi hawakurudi kwao. Vijana waliotekwa walikua wakawa Wangwana wenye bunduki, wakaenda kuteka wengine. Kupitia njia hizo hizo Kiswahili kiliingia Maniema na Kisangani. Lugha tunayoandikia habari hii ina historia hiyo ndani yake.

Baruti ambayo haikufika

Desemba 1883 Stanley alifungua kituo cha serikali ya mfalme Leopold kwenye Maporomoko, Kisangani ya leo. Mwaka 1886, Tippu Tip akiwa hayupo, ugomvi kuhusu mwanamke aliyekimbilia kituoni ulizaa vita kati ya jamaa zake na mkuu wa kituo, kapiteni Deane. Deane alikuwa na silaha bora kuliko wapinzani wake. Risasi zikamwishia, naye akakimbia msituni.

Leopold hakuwa na nguvu ya kurudi kwa vita. Februari 1887, huko Zanzibar, Stanley alimpa Tippu Tip barua ya kuwa gavana wa Maporomoko kwa mshahara wa paundi 30 kwa mwezi. Wakasafiri pamoja kwa meli, wakaizunguka Afrika ya Kusini mpaka Banana, kisha wakapanda mto.

Katika mapatano hayo, Tippu Tip alipaswa kumpa Stanley wapagazi 600 wa kubeba mizigo kutoka Yambuya, kwenye mto Aruwimi, ili kwenda kumsaidia Emin Pasha. Wapagazi wangekuja na bunduki zao wenyewe; baruti na fataki zilikuwa juu ya Stanley. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Tippu Tip alieleza kwamba baruti hiyo haikufika na watu wake walikataa kuingia katika nchi yenye uadui wakiwa na bunduki tupu. Stanley alimlaumu kwa kuvunja ahadi. Miezi ikapita, na katika kambi ya Yambuya watu wakafa kwa njaa na magonjwa.

Watu zaidi ya 400 walipopatikana katikati ya 1888, meja Barttelot aliondoka nao. Tarehe 19 Julai 1888, huko Banalia, mbele ya Bengamisa ya leo kwenye barabara ile ile, alipigwa risasi na mtu mmoja wa Maniema baada ya ugomvi juu ya mwanamke aliyekuwa akipiga ngoma alfajiri. Msafara ukavunjika.

Mlango wafungwa

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia sahihi mkataba wa Brussels. Ulizuia silaha za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha nafasi, chini ya ulinzi, kwa bunduki za gumegume na baruti ya kawaida. Sababu iliyotajwa ilikuwa kuzuia biashara ya watumwa. Matokeo mengine ni kwamba serikali za kikoloni pekee ndizo zilizobaki na mlango wa risasi.

Tippu Tip aliondoka Maporomoko mwaka 1890 akarudi Zanzibar, akimwacha Rashid mahali pake na mwanawe Sefu huko Kasongo. Vita vilianza mwaka 1892. Ngongo Lutete, aliyekuwa mtu wao, akahamia upande wa Wabeleji pamoja na wapiganaji wake. Nyangwe ikaanguka Machi 1893, Kasongo Aprili, Maporomoko Mei. Sefu aliuawa Oktoba mwaka huo.

Askari wa Leopold walipigana kwa bunduki za Albini, nazo pia za kizazi kilichopita: Ubelgiji yenyewe ilikuwa imekwisha kuchagua Mauser mwaka 1889. Kwa hiyo pande zote mbili ziliuana katika nchi yetu kwa silaha ambazo Ulaya ilikuwa ikiziacha. Tofauti ilikuwa kwamba meli za mtoni zilileta risasi kwa upande mmoja bila kukoma. Upande wa pili ulihesabu kila pembe ya baruti.

Mwisho wake

Tippu Tip alimaliza siku zake Zanzibar akiwa tajiri, na mashamba na watumwa wengi. Aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode alizichapisha mwaka 1902 na 1903. Alikufa Juni 1905. Nyumba yake bado imesimama Shangani, katika Mji Mkongwe.

Huku kwetu sheria ya mwaka 1985 inamtaka kila mwenye bunduki awe na kibali, hata kama ni ile iliyotengenezwa kijijini. Anayeshika bunduki ya zamani karibu na Bengamisa leo hafanani na Tippu Tip, na wengi wao wanatafuta nyama ya familia tu. Ila kuna jambo moja la kukumbuka pale mtu anapokuja kijijini na bunduki za bei rahisi, au za bure, na kuwagawia vijana. Aliyezileta ndiye atakayeleta risasi, na siku atakapozileta, yeye ndiye atakayesema zipigwe wapi.