Mwanamke aliyegundua mpira wa chuma katikati ya dunia

Ukishuka steji ya Olympic pale Kibera saa saba mchana, unajua mabati yanavyochoma. Pita kwa fundi anayechomelea mageti kando ya barabara uone chuma kikiyeyuka. Chuma huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,538 hivi. Sasa shika hii: katikati kabisa ya dunia, chini ya miguu yako, kuna mpira wa chuma wenye joto la zaidi ya nyuzi 5,000, na haujayeyuka. Ni mgumu.

Nani alienda kuangalia? Hakuna. Visima vya mvuke vya Olkaria, Naivasha, vinavyokupa stima ya kuchaji simu, vinafika kama kilomita 3 hivi. Mpira huo unaanza kilomita 5,150 chini. Aliyeugundua ni Inge Lehmann wa Denmark, bila kuchimba hata shimo moja.

Alizaliwa Copenhagen mwaka 1888. Shuleni kwao wavulana na wasichana walifunzwa mambo yale yale, kwa hivyo ubaguzi alikuja kukutana nao baadaye. Alisomea hisabati, akaenda Cambridge, akachoka vibaya hadi akarudi nyumbani, akawa mtu wa kupiga hesabu za bima kwa miaka kadhaa. Digrii aliimaliza 1920 akiwa na miaka 32. (Wewe unayelia kwamba umechelewa, umesikia?)

Mwaka 1925 alianza kusaidia kuweka mashine za kupima mitetemeko ya ardhi Denmark na Greenland. Hapo ndipo alipata kitu chake.

Mtetemeko hutuma mawimbi kupitia tumbo la dunia. Wakati huo wataalamu waliamini kiini chote, kuanzia kilomita 2,900 chini, ni chuma kilichoyeyuka. Kiini cha aina hiyo hupinda mawimbi, na upande wa pili wa dunia panabaki sehemu ambapo hayafai kuonekana. Lakini New Zealand ilipotikiswa mwaka 1929, mashine za sehemu hiyo zilinasa mawimbi hafifu. Wengi waliyapuuza mawimbi ya aina hiyo. Inge alikataa. Kompyuta hakuna, basi akaandika takwimu kwenye vipande vya kadi, akavipanga ndani ya maboksi matupu ya uji, akapiga hesabu kwa mkono. Mwaka 1936 akatoa jibu: ndani ya kiini kuna kiini kingine, na mawimbi yanagonga ukingo wake na kubadili njia.

Kwa nini hakiyeyuki? Shinikizo. Pale katikati ni zaidi ya mara milioni 3 ya lile la hewa tunayopumua. Atomi zimebanwa hadi hazina nafasi ya kutiririka. Juu yake kidogo shinikizo ni dogo kuliko hapo, ndiyo maana chuma cha nje kimebaki majimaji.

Na bado, mwaka 1952 Chuo Kikuu cha Copenhagen kilimnyima uprofesa. Akastaafu mwaka uliofuata, akaendelea na utafiti, sanasana na Wamarekani. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza kupewa nishani ya William Bowie. Mwaka huo huo watafiti wengine walitoa ushahidi kwamba kiini chake ni kigumu kweli. Alikuwa na miaka 83. Alifariki 1993, akiwa na 104.