Zaid bin Thabit, Mwandishi wa Wahyi

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, hizi ni khabari za Sayyidna Zaid bin Thabit r.a., Ansari wa Bani Najjar katika Khazraj. Baba yake aliuawa katika vita vya Buath, naye angali mtoto wa miaka 6. Mtume s.a.w. alipohamia Madina, mwaka 622 wa Miladi, Zaid alikuwa yatima wa miaka 11, na amekwisha kuhifadhi sura nyingi. Siku ya Badr alitaka kwenda vitani, akarudishwa kwa udogo wake.

Madina siku hizo walikuwamo Mayahudi wenye Taurati yao na khati yao, na barua zikenda na kurudi baina yao na Mtume s.a.w. Hakupenda barua zake ziwe mikononi mwa mwandishi asiyekuwa wa kwake, akamwamrisha Zaid ajifunze khati ile. Akaijua kwa muda wa nusu mwezi. Katika riwaya nyengine imetajwa Kisuryani, lugha ya Wakristo wengi wa Sham.

Alipofariki Mtume s.a.w., mwaka 632, vikatokea vita vya Yamama, wakafa humo wengi waliohifadhi Kurani. Sayyidna Umar akamshauri Sayyidna Abubakar ikusanywe, naye akamwita Zaid. Zaid alichelea kufanya jambo asilolifanya Mtume s.a.w., akaona kuhamisha jabali ni kwepesi kuliko kazi ile. Kisha Mungu akamkunjulia kifua chake. Ingawa mwenyewe alikuwa hafidhi, hakutegemea moyo wake peke yake: alikusanya katika makuti ya mitende, mawe membamba, mifupa ya mabega, na vifua vya watu. Mwisho wa Sura ya Tauba aliupata umeandikwa kwa Ansari mmoja tu.

Katika ukhalifa wa Sayyidna Uthman, Hudhaifa bin Yaman alirudi kutoka vita vya Armenia na Azerbaijan, naye amesikia askari wakigombana kwa visomo. Akaogopa umma huu usije ukakhitilafiana katika Kitabu chake kama walivyokhitilafiana Mayahudi na Wakristo. Ndipo Zaid na Makureshi 3 wakanakili misahafu kutokana na kurasa zilizokuwa kwa Bibi Hafsa, ikapelekwa mijini.

Zaid alikuwa bingwa wa faraidhi pia. Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo ya wengi wetu wa pwani, alimfuata katika milango ya urithi. Basi igawiwapo mali ya maiti Lamu au Unguja, ilimu ya Zaid i papo hapo.

Alifariki Madina, kwa kauli ya wengi mwaka 45 wa Hijra. Ewe ndugu msomaji, tazama: kijana yule hakudhani kwamba kujua khati ya watu wa dini nyengine kutampunguzia dini yake, na mikono iliyojifunza khati ile ndiyo iliyoaminiwa Msahafu. Basi tusiwanyime wana wetu ilimu kwa kuwa imeandikwa kwa herufi za wengine. Tutangulize Kurani vifuani mwao, kisha tuwape kalamu. Mwenyezi Mungu amridhie Zaid, na atujaalie kufuata nyayo zake. Amin.