Saidi Mwamwindi

Saidi Abdallah Mwamwindi alikuwa mkulima wa Isimani, mkoa wa Iringa, nchini Tanzania. Anajulikana hasa kwa kumuua mkuu wa mkoa huo, Dk. Wilbert Klerruu, tarehe 25 Desemba 1971.

Tukio

Isimani ilikuwa eneo la mahindi, na baadhi ya wakulima wake walikuwa na mashamba makubwa yaliyolimwa kwa trekta. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali ilihimiza vijiji vya ujamaa, na Klerruu alisimamia siasa hiyo kwa nguvu. Siku ya Krismasi alimkuta Mwamwindi shambani kwake. Waligombana, na Mwamwindi akampiga risasi. Kisha aliupakia mwili katika gari la marehemu, akaliendesha hadi polisi mjini Iringa na kujisalimisha.

Kesi

Hivyo suala mahakamani halikuwa nani aliyeua, bali aliua kwa nia gani. Kanuni ya Adhabu inatofautisha kuua kwa kukusudia, ambako adhabu yake ni kifo, na kuua bila kukusudia. Anayeua kwa hasira ya ghafla baada ya kuchokozwa, kabla hajatulia, huhesabiwa katika kosa la pili. Mwenye maradhi ya akili yaliyomzuia kuelewa tendo lake hawajibiki kwa jinai.

Utetezi ulidai kwamba Mwamwindi hakuwa na akili timamu. Mahakama Kuu, chini ya Jaji Onyiuke, haikukubali. Mwaka 1972 alihukumiwa kifo, na baadaye alinyongwa.

Jina la Klerruu limebaki katika chuo cha ualimu mjini Iringa.